Msikiti wa Muhammad Ali haukujengwa na Salahuddin
Wageni wengi wanaopanda kwenye Ngome ya Cairo huamini kwamba msikiti wenye minara miwili mirefu, unaoonekana kutoka pande nyingi za jiji, ulijengwa na Sultani Salahuddin. Kosa hilo halishangazi, kwani ngome yenyewe aliianzisha yeye mwaka 1176. Msikiti, hata hivyo, ulianza kujengwa mwaka 1830 kwa amri ya Muhammad Ali Pasha, aliyeitawala Misri chini ya dola ya Uthmaniya, baada ya majumba ya Wamamluki, watawala wa zamani wa Misri, yaliyokuwapo hapo kubomolewa. Kuba lake na minara yake myembamba iliyochongoka vinafuata mtindo wa Istanbul, mji mkuu wa dola hiyo. Anayetafuta kaburi la Salahuddin humo atakuta la Pasha. La Sultani liko Damascus.