Kemo (dawa za kuua saratani) inaingia kwenye seli ya saratani ya utumbo, halafu inatemwa

Swali ambalo ndugu wa wagonjwa wananiuliza sana ni hili, dawa tumemwekea, mbona uvimbe haupungui? Jamani, mara nyingi dawa inafika kabisa, inaingia hadi kwenye seli, shida ni kwamba haikai. Kwenye utando wa seli kuna protini kazi yake ni kutema vitu nje, maarufu zaidi ni P-glikoprotini, ambayo watafiti Juliano na Ling waliielezea mwaka 1976 kwenye seli za hamsta zilizokuwa sugu kwa kolkisini, dawa inayozuia seli kugawanyika. Inainasa dawa ikiwa bado inapenya kwenye utando, inatumia nguvu ya ATP, ile molekuli inayobeba nishati ya seli, inageuka, dawa iko nje. Ni kama baharia anayefua maji ngalawani, akifua haraka kuliko yanavyoingia chombo hakizami.

Sasa wengi wanadhani saratani ndo imebuni hiyo pampu. Hapana! Utumbo mpana mzima, usio na ugonjwa wowote, unazo tayari, zimekaa upande ule chakula kinapopita, zinarudisha sumu hukohuko isiingie kwenye damu. Saratani ikianzia hapo inazirithi, ndo maana uvimbe wa utumbo unaweza ukawa sugu kwa dawa za kemo kama vinkristini au doksorubisini hata kabla ya dozi ya kwanza.

Maabara unaiona kabisa. Unaziwekea seli rangi inayong'aa kijani, rodamini 123, unaosha, unasubiri, zenye pampu nyingi zinafifia, ila ukiongeza verapamili, dawa ya moyo na presha, zinaendelea kuwaka. Tsuruo na wenzake kule Japani walionyesha tangu 1981 kwamba verapamili inairudishia vinkristini makali yake kwenye seli za lukemia, saratani ya damu. Kwa wagonjwa ikagoma, dozi ya kutosha kuziba pampu inaudhuru moyo, na valspodari, dawa nyingine ya kuziba pampu iliyokuja baadaye, ikaifanya kemo ichelewe kutoka mwilini, sumu ikazidi, ikabidi dozi za kemo zipunguzwe.

Na tusiisingizie P-glikoprotini kila kitu, hili naliona sana hata kwa wanafunzi wetu. 5-FU, dawa ya kila siku kwa saratani ya utumbo, haitemwi sana na pampu hiyo, kwa 5-FU seli huweza kujikinga kwa kuongeza kile kimeng'enya ambacho dawa imekuja kukizuia. Irinotekani, dawa nyingine ya saratani ya utumbo, ndo ina kesi ya pampu kweli, maana mwilini inageuka kuwa SN-38, umbo lake lenye makali zaidi, na anayeitema hiyo hasa ni pampu nyingine, ABCG2, iliyogunduliwa 1998 kwenye seli za saratani ya matiti.