Je, wajua kwa nini mbingu ya Lamu huwaka jua likishazama, na kwa nini simu huitoa imepauka?

Jua likishazama nyuma ya mji wa Lamu na adhana ya Magharibi ikasikika hadi ng'ambo, kisiwa cha Manda, wengi waliovuka kwenda kupiga picha hutia simu mfukoni na kumwita nahodha. Robo saa baadaye, boti iko katikati ya maji, mawingu juu ya mji yanageuka rangi ya kaa la moto. Simu zinatolewa kwa haraka huku chombo kinayumba, na picha zinatoka rangi ya chai ya maziwa. Sababu moja iko angani, nyingine imo ndani ya simu.

Mwanga wa jua umebeba rangi zote. Hewa huitawanya buluu zaidi ya mara nne kuliko nyekundu, ndiyo maana mchana mbingu ni ya samawati. Jua likiwa upeoni, mwanga wake hupenya hewa nyingi takriban mara 38 kuliko likiwa utosini. Buluu hupotea njiani, zikabaki rangi ya machungwa na nyekundu. Lakini wekundu ulioiva hasa hauko kwenye jua lenyewe. Uko kwenye matumbo ya mawingu ya juu, ambayo bado yanaliona jua wakati sisi huku chini tumeshaingia kivulini.

Hesabu yake si ngumu. Karibu na ikweta jua hushuka takriban wima, nyuzi moja kila dakika 4. Wingu zito lililo kilomita 1 juu ya kichwa chako hukosa jua dakika 4 hivi baada ya machweo, likageuka kijivu. Wingu jembamba la chembe za barafu, lile linalotandaa kama pamba iliyochambuliwa, likiwa kilomita 10 juu hubaki na jua kwa dakika 13 hivi, na likiwa upande wa magharibi huendelea kuwaka hata kupita dakika 20. Kwa watu wa Lamu, wekundu unaobaki baada ya jua kuzama si jambo geni: katika madhehebu ya Shafi, Isha huingia pale shafaki nyekundu inapotoweka.

Kuna jambo ambalo wapiga picha wengi hawalifikirii. Ili mwanga ulifikie wingu hilo la kilomita 10 kwa dakika zake za mwisho, lazima upite ukigusa uso wa ardhi kilomita 350 hivi upande wa magharibi. Kutoka Lamu, hapo ni Ukambani, pande za Kibwezi. Mwezi wa sita jua huzama likiwa limeelekea kaskazini kidogo, kwa hiyo njia ya mwanga husogea hadi pande za Mwingi. Mwezi wa kumi na mbili huhamia Tsavo na Taita. Mvua ikiwa imeziba huko, machweo ya Lamu yatazimika ghafla hata kama juu ya kichwa chako mawingu yamepangika vizuri. Kabla ya kulipia boti, fungua picha ya setilaiti ya mawingu kwenye simu na uangalie magharibi ya mbali, si juu ya kisiwa tu.

Hewa nayo ina neno. Kusi ikivuma kwa nguvu hurusha chumvi ya bahari, na chembe za chumvi na vumbi ni kubwa mno kuweza kuchagua rangi. Hutawanya zote sawasawa, na mbingu ikapauka. Mvua ikipita na kuiosha hewa, rangi hurudi. Ndiyo maana siku za vuli, na zile za masika kukatika, zinashinda mbingu tupu za kaskazi kavu: hewa ni safi na mawingu yako ngazi kwa ngazi.

Sasa simu. Nyuma ya lenzi kuna kihisi mwanga chenye mamilioni ya vijikombe, kila kimoja kikikinga rangi moja: nyekundu, kijani au buluu. Mbingu ikiwaka, vijikombe vya nyekundu hujaa kwanza. Kikombe kilichojaa hakihesabu tena, kama ndoo iliyofurika chini ya mfereji. Kijani kinaendelea kupanda, kwa hiyo nyekundu inageuka machungwa, machungwa inageuka manjano, na buluu nayo ikijaa panabaki doa jeupe. Simu hufanya hivyo kwa sababu imeuona ukuta wenye giza na mashua nyeusi mbele yako, ikadhani picha nzima inahitaji mwanga zaidi.

Dawa ni kuishika mkono. Bonyeza kidole juu ya wingu linalong'aa, si juu ya jua wala juu ya mashua, usikiachie mpaka ionekane alama ya kufuli. Kisha telezesha mwangaza ushuke; kama simu inaonyesha tarakimu za mwangaza, zipeleke kati ya −1 na −1.7. Kwenye kioo picha itaonekana yenye giza kupita kiasi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: giza linaweza kuinuliwa baadaye, kikombe kilichofurika hakirudi. Katika mpangilio wa rangi (white balance), ondoa ule wa kujiendesha, weka Kelvini 5,500 au alama ya jua. Usipofanya hivyo, simu huuchukulia wekundu kama kasoro ya taa na kuufuta. Zima HDR pia ukitaka tanga litoke jeusi. Ikiwa imewashwa huunganisha picha kadhaa na kukupa tanga la kijivu.

Baada ya machweo mwanga hupungua kwa nusu kila dakika 3 hivi, kwa hiyo kufuli ya saa ya jua kuzama haifai dakika 10 baadaye. Ifungue, pima upya. Mwenye kamera aanze na tundu la lenzi f/4, kasi ya 1/250 ya sekunde na ISO 400 dakika 10 baada ya jua kuzama, kisha aitazame histogramu (grafu ya mwanga) ya nyekundu, si ile ya jumla. Usishuke chini ya 1/250 kwa mashua inayokwenda kwa tanga; jahazi lililotia nanga lavumilia 1/60. Tripodi ndani ya boti haisaidii, maana inayumba pamoja nayo. Na jua likiwa bado kali, usilichungulie kwa jicho kupitia lenzi ya kuvuta mbali, litakuumiza.

Lenzi yenyewe ikague kila mara. Utando wa chumvi na mafuta ya kidole huvuta michirizi mieupe kutoka kwenye jua. Usiifute ikiwa kavu, chembe za chumvi hukwaruza. Tumia kitambaa cha pamba kilicholowa maji matamu kidogo.

Pwani ya mji wa Lamu inatazama mashariki, kwa hiyo jua huzama nyuma ya nyumba zake. Ukitaka milingoti na minara mbele ya mwanga, vuka Manda. Kwa picha ya Shela, simama Ras Kitau, ng'ambo yake kule Manda. Ukitaka mikoko na upeo ulio wazi, nenda kijiji cha Matondoni. Jua huzama mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, saa 12 na dakika 6 hivi jioni, na huchelewa zaidi katikati ya Februari, saa 12 na dakika 36 hivi. Patana na nahodha mapema kwamba mtakaa dakika 25 baada ya hapo, ajue atarudi gizani na abebe taa.

Malindi mambo ni kinyume: bahari yote iko mashariki. Simama karibu na nguzo ya Vasco da Gama, lipe jua mgongo. Dakika chache baada ya machweo, juu ya maji hupanda ukanda wa buluu ya kijivu, na juu yake utepe wa waridi. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kikiangukia hewa. Hapa usiushushe mwangaza, rangi zake ni hafifu. Na ikiwa mawingu ya mvua yamesimama baharini, vilele vyao hubaki vya waridi wakati miguu imeshaingia giza, na radi huanza kuonekana ndani. Kwa hizo weka tripodi, f/5.6, ISO 200, sekunde 10, ukirudia bila kupumzika. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, gawanya kwa 3, utapata kilomita. Sekunde zikishuka chini ya 30, kunja tripodi uondoke kwenye rasi hiyo iliyo wazi.