Msimuulize mpishi wa sushi kama samaki amevuliwa leo

Juzi nimeulizwa tena, kaunta imejaa, na aliyeuliza ni ndugu yetu wa Pwani, mtu anayemjua samaki vizuri. "Kaka, huyu ametoka baharini leo?" Nikamwambia hapana, na hata angekuwa wa leo nisingekukatia. Akanitazama kana kwamba nimekiri wizi.

Nasimama nyuma ya kaunta ya sushi, vile vipande vya samaki juu ya wali wa siki, hapa London, na hakuna imani inayonichosha kama hii: kwamba mgahawa wa Kijapani una bei mbaya kwa sababu samaki wake ni wa leo, na kwamba mpishi anayekupa samaki wa siku nne amekupunja. Watu wa Pwani ndio wanaoishikilia zaidi, na ninawaelewa. Ukikulia karibu na diko umefundishwa kumtazama samaki jicho na kumfunua matamvua kabla hujatoa hela. Elimu hiyo ni sahihi kabisa kwa samaki wa kukaanga na wa kupaka. Kwa samaki wa kuliwa mbichi haitoshi.

Samaki akifa, baada ya muda misuli hukakamaa. Ukimkata hapo utaona: nyama inagoma menoni na ladha yake imepooza. Kisha ATP, ile nguvu iliyohifadhiwa ndani ya misuli, huvunjika hatua kwa hatua, na katikati ya safari hiyo hutokea inosineti, ambayo ndiyo utamu tunaoutafuta. Mjapani Shintaro Kodama aliitambua mwaka 1913 ndani ya katsuobushi, samaki aliyekaushwa wa kutia ladha kwenye supu. Samaki aliyekufa muda si mrefu bado hajawa nayo ya kutosha. Ndizi iliyokatwa mgombani leo huili leo, unaivundika kwanza. Samaki wa nyama nyeupe naye anavundikwa.

Sasa, kuvundika si kumwacha tu kwenye friji, na hapa ndipo hata wapishi wenzangu wananikera. Samaki aliyekufa akipapatika wavuni ameshaitumia sehemu kubwa ya ATP yake. Amebakiwa na kidogo cha kugeuka kuwa utamu, na ukimweka siku nne utapata samaki mzee basi. Ndiyo maana ikejime, njia ya Kijapani ya kumuua samaki, ni muhimu kuliko tarehe. Chuma chenye ncha kinaingia kwenye ubongo mara moja. Matamvua yanakatwa, samaki anatiwa kwenye maji ya barafu, damu inatoka. Halafu waya mwembamba unapitishwa kwenye mfereji wa uti wa mgongo. Waya ukipita sawasawa utaona mapezi yanasimama ghafla, mwili unatetemeka toka kichwani hadi mkiani, kisha unalegea wote. Samaki huyo huchelewa kukakamaa, na nguvu yake imebaki ndani. Wapo wavuvi wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, wanaoua hivi siku hizi, na ninapopata samaki wao simtamani wa ndege kutoka Tokyo.

Akifika jikoni natoa magamba na matumbo, kisha nasugua kwa mswaki damu iliyojificha kando ya uti, maana uozo huanzia hapo. Namkausha, namfunga kwa karatasi ya kunyonya maji, namweka kwenye ubaridi wa karibu nyuzi sifuri. Karatasi inabadilishwa kila siku. Kila siku nambonyeza kwa kidole na kumnusa tumboni.

Vitabu vinaisimulia inosineti kana kwamba imemaliza maneno. Haijamaliza. Kwa samaki wengi hufika kileleni mapema, kisha hushuka na kuelekea kuwa haipozantini, ambayo ni chungu. Mbona basi kuna wapishi wanaomweka samaki wiki nzima, hata mbili, na wateja wanamsifu? Tunaambiwa ni protini kuvunjika na kuwa amino asidi, na maji kupungua. Mimi sijashawishika kwamba hilo linaeleza yote, na nadhani baadhi ya hao samaki wa wiki mbili wanaotangazwa kwa mbwembwe wamepita wakati wao: ulaini upo, bahari imeondoka. Kwa hiyo nakata ukingo, naonja, naamua. Kipimo ninachokiamini ni hicho.

Wala msiseme ni ujanja wa migahawa ya Ulaya. Sushi ya kufinyangwa kwa mkono ilikua Edo, ndiyo Tokyo ya leo, katika karne ya 19, friji zikiwa hazijazaliwa. Jodari alilowekwa kwenye mchuzi wa soya. Kohada, samaki mdogo wa baharini, alitiwa chumvi, kisha siki. Anago, mkunga wa baharini, alichemshwa taratibu. Tangu mwanzo ladha ya Edo ni ladha ya samaki aliyefanyiwa kazi.

Na friza? Sioni aibu. Sheria ya Ulaya, ambayo Uingereza imebaki nayo, inataka samaki wa kuliwa mbichi awe amegandishwa kwa nyuzi -20 kwa saa zisizopungua 24, au -35 kwa saa 15, ili kuua minyoo kama anisakis. Baadhi ya samaki wa kufugwa wamesamehewa. Jodari wengi wa bahari za mbali hugandishwa melini kwa nyuzi -60, na akiyeyushwa kwa subira anaweza kumshinda yule aliyezunguka siku kadhaa kwenye barafu. Hata hiyo samoni mnayoiona ndiyo sushi yenyewe, Wajapani hawakuwa na desturi ya kuila mbichi kwa kuogopa minyoo. Wanorwe ndio waliowauzia ya kufugwa, miaka ya 1980.

Wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, ikiwa laini na ya rangi kali, mara nyingi ni mzizi mwingine uliotiwa rangi. Tangawizi ni ya kusafisha mdomo kati ya kipande na kipande. Nigiri, ile sushi ya kufinyangwa, kula kwa mkono, ndivyo inavyopendeza, na ule papo hapo: wali nimeutoa ukiwa na joto la mwili, na ukimaliza kupiga picha umeshapoa. Wali huo, pamoja na siki yake, ni nusu ya kazi yangu, na hakuna anayeniuliza habari zake.

Wewe Mwislamu, sema unapoweka nafasi, usingoje ukae. Soya tunayoipaka juu ya samaki huchemshwa na sake na mirin, ambazo ni pombe za mchele, na siki nyekundu ya wali hutengenezwa kwa machicha ya sake. Hukumu ya siki muulize shekhe wako. Tukijua mapema tunakutengea soya yako na wali wako.

Ukitaka kumpima mpishi, muulize samaki aliuawa vipi na amekaa siku ngapi. Halafu kabla ya otoro, tumbo la jodari lenye mafuta, agiza kohada, au akikosekana shime saba, samaki wa chumvi na siki, jamaa wa vibua wetu. Otoro ina mafuta ya kumficha hata mpishi mvivu. Kohada ni samaki mdogo, ana miiba, na chumvi ikizidi kwa dakika chache au siki ikikosea, utajua kabla hujameza.