Kikundi cha kuacha pombe si kikoba

Jamaa mmoja wa Mikindani aliposhauriwa atafute kikundi cha watu walioacha pombe, swali lake la kwanza lilikuwa: "Hisa shilingi ngapi?" Simlaumu. Huku Mtwara neno kikundi limeshachukuliwa na kikoba, kile cha kuweka na kukopa: sanduku la kufuli tatu, daftari la mahudhurio, faini ya kuchelewa. Kikundi ninachokieleza hapa hakina hata kimoja kati ya hivyo.

Ni watu walioshindwa na pombe wanaokutana, aghalabu mara moja kwa wiki, kwa saa moja au moja na nusu, kuelezana ilivyowashinda na wanavyoishi sasa bila kuigusa. Hakuna kiingilio. Kopo la mchango likizunguka, mwenye nacho anatia cha sukari na majani ya chai. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha.

Mtindo huu ulianzia Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa biashara za hisa kutoka New York, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Shughuli iliyompeleka mji ule ikaharibika, akabaki peke yake hotelini, baa iko hatua chache. Akaanza kupigia simu wachungaji wa mji asioujua, akiomba wamwelekeze kwa mlevi yeyote azungumze naye. Akafikishwa kwa daktari mpasuaji, Bob Smith. Tarehe 10 Juni mwaka huo ndiyo Alcoholics Anonymous, umoja wa vikundi hivi, wanaihesabu kuwa siku yao ya kuzaliwa, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kuwa mwisho wa Smith kunywa. Hapo daktari ndiye aliyekuwa mgonjwa, na aliyekuja kuongea naye alikuja kujiokoa mwenyewe.

Ndiyo maana mkutanoni hakuna mhadhiri. Mmoja anasimama: "Naitwa Hamisi, mimi ni mlevi." Wenzake wanamwitikia. Mlevi kwetu ni tusi, neno unalotupiwa mgongoni ukipita. Kulitamka mwenyewe mbele ya watu ambao hawashtuki ni jambo jingine kabisa. Akimaliza, hakatizwi wala hashauriwi, anafuata mwingine. Asiyetaka kusema husema "leo nasikiliza" na anaachwa. Mgeni huonyeshwa mtu wa kumpigia simu usiku kiu ikimbana. Wapo wanaomwita mdhamini, lakini huku mdhamini ni yule anayelipa deni ukikimbia. Mimi napendelea kumwita somo, yule msiri wa kukuongoza.

Ahadi yao ni ya leo tu, na kwa Lindi na Mtwara hiyo ina uzito wake. Msimu wa korosho mabibo yamejaa chini ya mikorosho, uraka, pombe ya mabibo hayo, haununuliwi kwa bei ya kuumiza, na malipo ya mnada yakishaingia kila mtu ana rafiki. "Nitaacha msimu ukiisha" nimeisikia mara nyingi mno. Kikundi hakikuulizi habari za msimu. Kinakuuliza kama leo utalala bila kunywa.

Hofu kubwa ni kuonekana. Mji mdogo, utamkuta jirani. Kumbuka tu kwamba naye kafuata hilohilo, na kinachosemwa mle hakitoki, sawa na mambo ya jando. Upo mkutano wa ndani, wa wenye tatizo peke yao, na wa wazi ambao hata mke au kaka anaweza kukaa. Familia nazo zina vikundi vyao, Al-Anon, tangu 1951. Mwislamu anayekunywa kwa kificho asiogope kwamba ni mambo ya kanisa kwa sababu tu benchi ni za parokia. Hatua 12, mwongozo wa kuacha pombe wa vikundi hivi, zinamtaja Mungu "kama tulivyomwelewa", na kikundi hakifungamani na dini yoyote.

Kukipata, usisubiri bango. Vikundi hivi havina desturi ya kujipigia debe. Muulize afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au nenda kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Sema wazi kwamba hutafuti soba, maana watu huchanganya: soba ni nyumba ya kwenda kuishi. Mwenye simu na bando anaweza kuingia mikutano ya mtandaoni, ingawa mingi ni ya Kiingereza.

Anayekunywa kila siku kuanzia asubuhi aanzie hospitali kabla ya kikundi. Akikata ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kuona visivyokuwepo ndani ya siku mbili tatu, na hali hiyo huua. Benchi na chai haviwezi hilo.

Na pakiwa hapana kikundi jirani? Kwa desturi yao, walevi wawili watatu waliokutana ili waache tayari ni kikundi. Tafuteni darasa la shule baada ya masomo au kivuli cha mwembe, mbali na kilabu. Chagueni siku isiyogongana na kikoba, la sivyo mtaulizwa mbona hamkuja kuweka hisa.