Taa za Angani: Yasemwayo Barazani na Yaliyomo kwenye Mafaili

Taa ikitokea juu ya kisiwa cha Manda jioni, kabla ya Isha mtaa wetu wa Langoni, Lamu, umeshaipa maelezo yake. Mengi hayasimami.

"Jeshi halichunguzi bure, lazima kuna viumbe kutoka anga za mbali."
Jeshi la Anga la Marekani liliendesha Project Blue Book, mradi wa kuchunguza ripoti za vitu visivyotambulika angani, kuanzia 1952 hadi 1969, likiwa na hofu ya ndege za Wasovieti. Swali la kwanza lilikuwa usalama wa nchi: je, kitu hiki ni tishio? Uingereza nayo ilifunga dawati lake la kupokea ripoti kama hizo 2009, baada ya miaka zaidi ya 50 bila ripoti hata moja kuonyesha tishio.

"Ripoti 701 za Blue Book hazikujibiwa, hizo ndizo za viumbe."
Ni 701 kati ya 12,618. Kutotambulika ni kukosa kulingana na nyota, ndege au puto linalojulikana, basi. Ila tuseme haki: J. Allen Hynek, mwanafalaki aliyeushauri mradi huo, baadaye alilalamika kwamba majibu mengine yalibandikwa harakaharaka. Mafaili yenyewe hayakufichwa; yako katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Marekani.

"Ni roketi za Ngomeni."
Zilirushwa kweli. Setilaiti ya Uhuru iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Lakini urushaji ulikoma 1988.

"Nyota haitembei, ile ilitembea."
Jicho likikodolea nukta moja gizani huiona ikiyumba. Sayari ya Zuhura imewahadaa hata marubani. Simama, egemeza kichwa ukutani, ilinganishe taa na ncha ya paa au kuti la mnazi. Nyota husogea digrii 1 kwa dakika 4, upana wa kidole cha mwisho ukiwa umenyoosha mkono. Ikikimbia zaidi ya hapo, si nyota.

"Basi ni setilaiti."
Tazama saa kwanza. Huku kwetu jua huzama karibu wima, hivyo kivuli cha dunia huzifunika setilaiti za chini mapema. Kituo cha anga cha kimataifa kikipita utosini huonekana mpaka kama dakika tisini baada ya jua kuzama, kisha tena muda kama huo kabla ya jua kuchomoza. Taa ipitayo utosini saa sita usiku, fikiria ndege kwanza.

"Nina video, ushahidi gani tena?"
Simu ikishindwa kulenga, nukta huvimba ikawa sahani. Taa ya gatini nayo huakisiwa ndani ya lenzi ikazaa taa ya pili: inamisha simu, na taa hiyo ikienda kinyume na ile ya gati, umepiga picha ya kioo chako. Weka simu juu ya ukuta wa baraza, usivute karibu, na paa lionekane kwenye picha. Tunza faili la awali. Likipitia WhatsApp, kwa kawaida taarifa za saa na mahali hupotea.

"Niliiona saa mbili, kubwa kama sinia."
Ukubwa bila umbali hauna maana. Toa mwelekeo kwa dira, na kimo kwa ngumi: ngumi moja mkono ukinyooshwa ni takriban digrii 10. Pima muda kwa simu. Saa ndiyo huharibu ripoti nyingi: saa mbili usiku iandikwe 20:00, si 2:00, na ukilinganisha na majedwali ya kimataifa ya setilaiti yanayofuata saa ya UTC (saa ya kimataifa), toa saa 3, upate 17:00.