Tunacholipia Loiyangalani

Kila bili ya umeme inapopanda, swali lile lile hurudi: upepo ni wa Mungu, haununuliwi, mbona umeme wa mitambo ya upepo ya Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, tunaulipia? Nimelijibu mara nyingi mno. Sasa naliandika.

Upepo wenyewe ni bure kweli. Tunalipia chuma, barabara na riba. Mtambo wa dizeli hujengwa kwa fedha kidogo, kisha hula mafuta maisha yake yote. Wa upepo hudai karibu gharama yake yote kabla panga la kwanza halijazunguka. Mradi huu wa Ziwa Turkana uligharimu takriban euro milioni 620, nyingi zikiwa za mkopo. Bei ya mkatabani nayo, senti 7.52 kwa uniti, ni ya euro. Shilingi ikianguka, tokeni yako hupungua uniti ingawa huko ziwani hakuna kilichobadilika.

Mahali pamechaguliwa vizuri. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nane, na bonde lililo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya huubana upepo na kuukimbiza. Ndiyo maana mitambo 365 midogo, kilowati 850 kila mmoja, inafikisha megawati 310. Wanaoucheka udogo huo wajaribu kupitisha mapanga marefu kwenye barabara ya Laisamis, inayofikisha mizigo huko.

Linaloniudhi hasa ni kulinganisha uniti na uniti, kana kwamba ya saa tisa usiku na ya saa mbili usiku ni mali moja. Si mali moja hata kidogo! Upepo wa Turkana huvuma sana usiku na alfajiri. Saa hizo nchi imelala, mahitaji yameshuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni, na umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria nao unagombea nafasi kwenye gridi. Msimamizi wa gridi huamuru mitambo ipunguze, lakini mkataba unataka uniti hizo zilipwe kana kwamba zilizalishwa. Ni kifungu hicho hicho kilichotugharimu mitambo ilipokuwa tayari tangu 2017, ikisubiri njia ya umeme ya kwenda Suswa iliyowashwa Septemba 2018.

Tunafundishwa kwamba bila kifungu hicho hakuna benki ambayo ingekopesha. Kwa Loiyangalani ya wakati ule, pasipo njia ya umeme wala barabara ya maana, nakubali. Kwa miradi ijayo nasitasita. Mwekezaji aliyehakikishiwa bei ile ile saa zote ana sababu gani ya kutafuta kilima ambacho upepo wake huvuma jioni, au ya kuweka betri? Nasi tukimnyima uhakika huo, benki itapandisha riba, na riba ndiyo mafuta ya mtambo wa upepo. Bado sijaona mkataba unaoyatibu yote mawili.