“Enzi Zile Hawakujua”: Dhana Potofu Kuhusu Vitu Tulivyorithi

Katika kazi yangu ya kuthamini na kuhifadhi vitu vya kale, sentensi ninayoisikia kuliko nyingine zote hutamkwa kabla kitu chenyewe hakijatolewa mfukoni. Mteja huketi, huuweka mzigo mezani, kisha hunitahadharisha: “Usisahau lakini, enzi zile hawakujua kwamba ni vibaya.” Wiki iliyopita niliambiwa hivyo mara tatu, na ile ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Aliyeisema alikuwa amerithi daftari la hesabu la shamba la pamba la kusini mwa Marekani, la miaka ya 1850. Jalada lake la ngozi limechakaa kwenye kona, wino umegeuka rangi ya kutu, na mwandiko ni wa mtu aliyeizoea kazi yake. Katika ukurasa mmoja imo orodha ya mali: nyumbu, majembe, mtambo wa kuchambulia pamba, kisha majina ya watu, kila mmoja na umri wake na bei yake, na mtoto wa miaka mitatu amewekewa bei iliyo chini ya ile ya nyumbu. Mteja alinieleza kwamba kwa mwandishi wa daftari hilo jambo lile lilikuwa la kawaida kama jua kuchomoza. Nikamwomba anisomee neno dogo lililoandikwa pembeni mwa jina la saba. Lilikuwa neno moja tu: ametoroka.

Neno hilo linatosha kuiangusha dhana nzima. Mtu yule aliyetoroka alijua kwamba ni vibaya, naye aliishi mwaka uleule na katika shamba lilelile, wala hakupata kusoma kitabu chochote cha maadili kilichoandikwa katika karne yetu. Tunaposema “watu wa enzi zile” na kuwakusudia wenye mashamba peke yao, tunawaacha nje ya hesabu ya watu walewale ambao daftari nalo halikuwahesabu kuwa watu, na tunairudia kazi ya karani aliyewaandika katika safu ya mali. Hilo ndilo linaloniudhi katika dhana hii: inajionyesha kuwa ni busara ya kutowaonea waliokufa, kumbe imekwisha kuchagua ni wafu gani wanaostahili kusikilizwa. Watumwa walioasi kusini mwa Iraq mwaka 869 na kupigana hadi 883, na wale walioanzisha mapinduzi ya Haiti mwaka 1791, hawakusubiri vipimo vya leo.

Hata tukiwaweka kando waliodhulumiwa, jambo ambalo hatuna haki ya kulifanya, dhana hii bado haisimami. Mwaka 1511, katika kisiwa cha Hispaniola huko Karibi, padri Antonio de Montesinos aliwauliza walowezi wa Kihispania kanisani kama wenyeji wa kisiwa, waliokuwa wakitumikishwa hadi kufa, hawakuwa binadamu, na walowezi wakakasirika hadi malalamiko yao yakamfikia mfalme. Mwaka 1688 wanaume wanne wa Germantown, Pennsylvania, waliandika waraka wa kupinga utumwa kwa hoja ambayo mtoto anaielewa, kwamba mtu amtendee mwenzake kama anavyotaka kutendewa. Na kuhusu uporaji wa sanaa, ambao nao huletwa mbele yangu ukiwa umevikwa kisingizio hichohicho, mwaka 70 KK mwanasheria Cicero alimshtaki mjini Roma Verres, aliyekuwa gavana wa Sicily, kwa kuwapora watu wa Sicily, na mojawapo ya mashtaka lilikuwa kuzing’oa sanamu katika mahekalu yao. Kama jambo lilishtakiwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, sioni kwa nini tuendelee kuliita “kipimo cha leo”.

Mfano ninaoutumia zaidi kwa wateja wenye haraka ni wa matajiri wawili wa jimbo la Virginia, Marekani. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Marekani na ambaye katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600, aliandika kwa mkono wake katika miaka ya 1780 kwamba aliitetemekea nchi yake kila alipokumbuka kwamba Mungu ni mwenye haki. Kwa wosia wake aliwaacha huru watu watano tu. Robert Carter III alikuwa tajiri wa jimbo hilohilo, chini ya sheria ileile ya mwaka 1782 iliyoruhusu mtu kuwaacha huru watumwa wake, na mwaka 1791 alitia saini hati ya kuwaachia huru hatua kwa hatua watu zaidi ya 450. Ukitaka kumpima Jefferson, hakuna haja ya kuleta mizani kutoka karne yetu. Iliyokuwa nyumbani kwa mwenzake inatosha, na ile aliyoiandika mwenyewe inatosha zaidi.

Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu wapo wanaotoka kwangu wakidhani kwamba ninataka kila marehemu afikishwe mahakamani. Kuna kutojua kwa kweli, na kunastahili huruma. Daktari aliyewazalisha akina mama kabla ya 1847 bila kunawa baada ya kupasua maiti alileta vifo bila kujua. Mwaka huo daktari Ignaz Semmelweis alionyesha mjini Vienna kwamba kunawa mikono kwa maji ya klorini kunapunguza vifo hivyo, na tangu hapo daktari aliyeelezwa akakataa yuko katika fungu jingine. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kitu cha urithi ni la tarehe na la watu: wakati kilipotengenezwa, kilipochukuliwa au kilipouzwa, ni nani alikuwa amekwisha kusema kwamba ni dhuluma, na je, mwenye kitu aliweza kumsikia? Hilo ni swali la utafiti. Linajibiwa kwa barua, stakabadhi na wosia. Huwezi kulijibu kwa kukunja mikono ukasema zama ni zama.

Dhana ya pili ni mdogo wake: “Kilikuwa halali wakati ule.” Mara nyingi anayesema hivyo hajaitazama sheria yenyewe, na hata pale uhalali ulipokuwapo, wabunge wa wakati huohuo waliweza kuona kwamba hautoshi. Uingereza ilipokuwa ikijadili mwaka 1816 kuzinunua sanamu za Parthenon, hekalu la kale la Athens, alizozichukua balozi wake Lord Elgin, mbunge Hugh Hammersley alipendekeza zishikwe kama amana hadi Athens itakapozidai. Waziri mkuu Gladstone naye alisimama bungeni mwaka 1871 akasikitika kwamba jeshi la Uingereza lilivibeba vitu vitakatifu vya Ethiopia kutoka ngome ya Maqdala mwaka 1868. Sauti hizo zimo katika kumbukumbu za bunge na kila mtu anaweza kuzisoma.

Wa upande wa pili ni wale wanaokuja wakiwa na kiberiti. Wanaamini kwamba kukihifadhi kitu cha dhuluma ni kuikubali dhuluma, na kwamba kukichoma ni kujitakasa. Nawaheshimu kwa uchungu wao, lakini wananitia hofu kuliko wale wa kwanza. Sensa za Marekani za mwaka 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, karibu wote bila majina yao wenyewe. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina watu wengi waliokuwa wameachwa huru. Kabla ya hapo, kwa mtu anayemtafuta mama wa bibi yake, daftari la shamba huenda likawa mahali pekee palipobaki jina. Ukilichoma, dhamiri yako itapumzika kwa gharama ya mtu mwingine.

Kwa sababu hiyohiyo nawasihi wateja wasisugue, wasing’arishe na wasibandue chochote kabla ya kukileta. Kila kitu kigeuzwe kwanza na kutazamwa chini na nyuma: lebo iliyochanika nusu, namba ya mnada, maneno ya penseli. Anayekipeleka kwa fundi akipigie msasa kiwe safi anafuta ushahidi wa mahali kilikotoka, kisha ananiuliza kilikotoka. Andikeni pia masimulizi ya wazee wakiwa bado hai, pamoja na yale yanayoaibisha.

Kuhusu sanamu za mitaani, ambazo watu husema kwamba kuziondoa ni kufuta historia, nitasema machache. Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, alifariki mwaka 1721. Sanamu yake mjini Bristol ilisimamishwa mwaka 1895, zaidi ya miaka 60 tangu Bunge la Uingereza lipitishe sheria ya kukomesha utumwa katika himaya yake. Waliomsimamisha walijua. Sanamu hiyo iliangushwa na kutupwa majini tarehe 7 Juni 2020, ikaopolewa, na leo imelazwa katika makumbusho ya mji huohuo ikiwa na rangi ya waandamanaji, na anayeitazama hapo anasoma historia nyingi kuliko aliyekuwa akipita chini yake.

Na wale wenye pembe za ndovu: umri wa kitu peke yake hauwapi ruhusa ya kuuza. Ndovu wa Afrika waliwekwa katika ulinzi wa juu kabisa wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, mwaka 1989, na nchi mbalimbali zimeongeza masharti yake. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu ala ya muziki iliyotengenezwa kabla ya 1975 iwapo pembe ndani yake haifikii asilimia 20, na lazima isajiliwe kwanza. Ulizeni kabla ya kutangaza mauzo.

Mwenye daftari alirudi juzi. Tumekubaliana kila ukurasa upigwe picha na majina yote yanakiliwe kwa herufi zinazosomeka, pamoja na umri na maneno ya pembeni, ili wanaotafuta ndugu zao waweze kuyapata bila kumwomba yeye ruhusa. Daftari lenyewe litakaa katika sanduku la karatasi isiyo na asidi, mbali na mwanga, kwa kuwa wino wa jina la saba umeanza kuila karatasi, na neno “ametoroka” sasa linasomeka vizuri zaidi kwa upande wa nyuma.